Gari Lenye Maneno Mengi

Kila asubuhi nikibonyeza kitufe cha kuwashia gari, dada mmoja aliyejificha ndani ya dashibodi hunisemesha kwa Kijapani. Sauti tamu, ya adabu, kama ya mtu anayekuomba radhi kabla ya kukudai. Miezi minne nilidhani ananisalimia. Ndipo jirani aliyewahi kusoma Japani akanizibua masikio: "Anasema kadi ya kulipia barabara haijachomekwa." Kadi! Mimi kwa hapa Dar ninachojua kulipia ni Daraja la Kigamboni, na huko siendi ila kwenye msiba.

Redio nayo ni ya kwao. FM yake inaanzia 76 inaishia 90, na stesheni ninazozitaka ziko juu ya hapo. Basi nasikiliza mikwaruzo na dada.

Halafu ipo ile taa ya njano yenye umbo la injini. Iliwaka wiki tatu zilizopita. Fundi hakufungua hata boneti, alichomeka mashine chini ya usukani, akaikazia macho kama mpiga ramli, akasema, "Sensa, bosi." Sensa ipi? "Mashine imesema sensa." Elfu thelathini zikaenda, taa ikabaki.

Mjomba wangu ana Pijo 504 ya zamani, ile ya gia kwenye usukani, vioo unazungusha kwa mkono mpaka bega lilie. Ikianza kukohoa, mjomba hutega sikio. "Platini hiyo." Anachana kipande cha boksi la kiberiti, anakipenyeza katikati ya platini kupima nafasi, anakaza skrubu, safari inaendelea. Na kiberiti chenyewe bado anakitumia kuwashia sigara.

Sisemi Pijo ni pepo. Inakunywa petroli kama imealikwa harusini, na ukiipanda na shati jeupe, liage kabisa. Tena nauli yake ni kusikiliza habari za Safari Rally: kwamba 504 ilishinda mwaka 1975, ikarudia 1978. Mjomba anasimulia kana kwamba yeye ndiye aliyekuwa ameshika ramani.

Jumamosi niliacha taa zikiwaka, nilipotoka sokoni betri imekata roho. Vijana watano wakaja mbio, mikono tayari kusukuma. Ikabidi niseme, kwa sauti ya chini, kwamba hii ni otomatiki, kwa kusukumwa haiwaki. Mmoja akaizunguka, akaitazama juu hadi chini. "Sasa hili ni gari au friji?"

Nikampigia mjomba.

Alifika Pijo ikiunguruma mtaa mzima. "Shikamoo mjomba." "Marahaba. Limezimia la kisasa?" Hakungoja jibu. Akatoa nyaya za kubusti, akaunganisha betri kwa betri, akaipiga Pijo resi kidogo, akanipa ishara nibonyeze. Langu likazinduka. Taa zote za dashibodi zikawaka kama jukwaa la taarabu, redio ikajifunga na kudai namba ya siri, na dada, injini haijatulia hata kidogo, akaanza na kadi yake.

Mjomba akainama dirishani, kofia mkononi.

"Marahaba, binti," akasema. "Hujambo?"