Shule Ipo Jirani, Jirani Yupo Karibu Zaidi

Ndugu wa nyumbani, mkiona Mswahili wa London hapokei simu katikati ya Januari, msidhani amekamatwa au ameoa kimyakimya. Amejifungia anajaza fomu ya shule ya mtoto. Mtoto mwenyewe ana miaka 4, na kiatu cha kushoto bado anakivaa kulia.

Hapa England (Scotland na Wales wana utaratibu wao) mtoto huingia darasa la awali, liitwalo Reception, Septemba inayofuata baada ya kutimiza miaka 4. Aliyezaliwa tarehe 31 Agosti na aliyezaliwa tarehe 1 Septemba ya mwaka wa nyuma yake huketi zulia moja, mmoja ametimiza tu miaka 5, mwingine keki yake ya nne haijaisha kwenye friji. Kile kipimo chetu cha kupitisha mkono juu ya kichwa hadi ushike sikio la pili kingewarudisha nusu ya darasa nyumbani.

Maombi hayaendi shuleni, yanaenda halmashauri unakoishi, na mwisho wa kuyapokea ni tarehe 15 Januari. Mzazi wa London huruhusiwa kutaja shule sita. Mikoani ni tatu au zaidi. Hapo ndipo maarifa ya nyumbani yanapoanza kumwangusha mtu. Mzazi aliyekulia Ilala anajua kwamba foleni ni kuwahi, basi fomu huituma Septemba, siku dirisha linapofunguliwa, kisha hulala usingizi wa haki. Hapati hata nukta moja zaidi ya yule aliyeituma usiku wa tarehe 14 Januari.

Kumjua mtu nako hakufui dafu. Kanuni za udahili zinakataza shule za kutwa za serikali kumfanyia usaili mtoto au mzazi wake, na zinakataza kabisa kuomba mchango ili mtu apate nafasi. Wapo wazazi wetu wanaomvisha mtoto suti na tai siku ya kutembelea shule, wakamkaririsha hesabu ndani ya basi. Mwalimu mkuu huwaonyesha maktaba, bustani ya mboga na vyoo vifupi, akawashukuru na kuwaaga. Ile ilikuwa ziara tu.

Kinachoamua ni orodha ya vigezo. Mtoto mwenye mahitaji maalumu ambaye hati yake rasmi imeitaja shule ile lazima apokelewe. Hufuata walio chini ya malezi ya serikali, au waliowahi kuwa humo, kisha mara nyingi wenye kaka au dada pale. Waliobaki, ambao ndio wengi, hupimwa umbali. Halmashauri nyingi hutumia kompyuta kuvuta mstari ulionyooka kutoka mlangoni kwako hadi shuleni, ukikatiza juu ya mapaa ya watu, reli na makaburi. Unaweza kuisikia kengele ya shule ukiwa kitandani na ukaikosa, kwa kuwa mwaka huo walio karibu zaidi yako wamezaa sana. Ukifungana na jirani kwa umbali uleule, kama watu wa ghorofa moja, kura hupigwa.

Ndiyo maana madalali wa nyumba huku hutangaza jina la shule kabla ya idadi ya vyumba, na wapo wanaoazima anwani ya shangazi. Halmashauri nazo hazilali. Mwaka 2008 ile ya Poole, kusini mwa nchi, iliwapeleleza wazazi na watoto wao kwa wiki tatu hivi, ikitumia sheria ya upelelezi, ili kujua kama kweli wanalala walikosema. Walikuwa wanalala palepale. Mwaka 2010 baraza la kisheria liliamua kwamba upelelezi ule haukuwa halali. Mjumbe wa nyumba kumi angejibu swali lile kwa kikombe kimoja cha chai.

Shule nyingi za dini zina fomu yao ya ziada, na ya Kikatoliki huenda ikataka saini ya padri, kwa hiyo misa za miji hii hupata waumini wapya wenye watoto wa miaka 3. Lakini Waislamu wetu wasizifute moja kwa moja shule za Kanisa la England: zipo ambazo wanafunzi wengi ni Waislamu.

Majibu hutoka tarehe 16 Aprili, au siku ya kazi inayofuata. Anayelia zaidi siku hiyo ni mjanja aliyeandika shule moja tu, au aliyeirudia ileile mara sita, akidhani ameonyesha msimamo. Shule haioni umeipanga ya ngapi. Ukiikosa hiyo moja, halmashauri hukupa popote palipobaki, labda mabasi mawili kutoka kwako.

Rufaa ipo, mbele ya jopo huru la watu watatu au zaidi. Tatizo ni sheria inayoweka kikomo cha watoto 30 kwa mwalimu mmoja katika madarasa ya wadogo. Shule ikishafika hapo, jopo huangalia hasa kama kanuni zilivunjwa au kama uamuzi haukuwa na akili hata kidogo. Machozi na hadithi ya zamu za usiku huandikwa kwa heshima, basi. Na orodha ya kusubiri ndiyo foleni pekee duniani ambayo mtu hurudi nyuma akiwa amesimama: leo wewe ni wa tatu, kesho familia yahamia karibu na geti, wewe ni wa nne.

Kwa hiyo bibi mwenye mjukuu wa miaka 3 huku, mpigie simu mama yake kabla ya Krismasi. Mwambie ajaze nafasi zote, aliyoipenda iwe ya kwanza, na mojawapo iwe ile ya karibu ambayo kila mwaka huwapokea watu wa mtaa wake. Kama mtoto anasoma chekechea ndani ya shule hiyohiyo, bado aombe upya; kiti cha chekechea hakimpi kiti cha Reception.