Ukifika Kileleni, Funga Geti la Ng'ombe

Florida ina mlima. Unaitwa Britton Hill, uko kaskazini mwa jimbo karibu na mpaka wa Alabama, na kimo chake kutoka usawa wa bahari ni mita 105. Ukiegesha gari, ukafungua mlango na kunyoosha miguu, umeshaupanda. Siku tuliyofika, shemeji yangu alikaa kwanza ukingoni mwa kiti, akavua kandambili, akavaa viatu vya kupandia milima vilivyomgharimu mshahara wa wiki, akafunga kamba fundo mbili mbili. Kisha akatembea mpaka kwenye jiwe la kumbukumbu, akaliegemea, na kuniomba nimpige picha akiwa amechoka.

"Umechoka na nini?"

"Shem, wewe piga picha."

Huyu shemeji ni mdogo wake mke wangu. Amezaliwa Marangu, amekulia Marangu, shule ya msingi kasomea Marangu, na Kilimanjaro hajawahi kuupanda hata siku moja. Ukimwuliza sababu, anakuangalia kama mtu aliyeulizwa kwa nini hajawahi kulala hotelini kijijini kwao. "Ule ni mlima wa wageni," anasema. "Sisi tulikuwa tunautazama asubuhi kujua kama tuanike kahawa." Tatizo ni kwamba alipohamia Ohio na kupata kazi kwenye ghala, mfanyakazi mwenzake alimweleza kuwa Marekani kuna watu wanaozunguka nchi nzima ili wasimame sehemu ya juu kabisa ya kila jimbo, majimbo yote 50. Jioni ile ile alikuja kwangu na orodha. Kwa nini mimi? Kwa sababu nina leseni safi, na kwa sababu dada yake alisema, "Nenda naye, asije akapotea."

Mchezo wenyewe ni wa siku nyingi. Bwana mmoja aitwaye Arthur Marshall aliumaliza mwaka 1936, wakati majimbo yalikuwa bado 48. Alaska na Hawaii zilipopandishwa kuwa majimbo mwaka 1959, kazi ikaongezeka kwa vilele viwili, kimoja kikiwa Denali wenye mita 6,190. Huo ndio pekee katika orodha nzima unaoupita Kilimanjaro. Iliyobaki yote iko chini ya Uhuru, kilele cha Kilimanjaro, na mingine iko chini sana: lile geti la Marangu, pale mgeni anapolipa ada kabla hajapiga hatua ya kwanza, lipo kwenye mita 1,870 hivi, juu kuliko vilele vya zaidi ya nusu ya majimbo ya Marekani. Nilimwambia shemeji kwamba kwa hesabu hiyo, alipokuwa akitumwa chumvi getini utotoni, alikuwa tayari amewapita Wamarekani wengi. Hakucheka. Mtu mwenye orodha hacheki.

Nilidhani taabu ingekuwa kwenye milima mikubwa. Wapi! Mount Elbert wa Colorado una mita 4,400 hivi, na hadithi yake inaisha kwa sentensi moja: tuliamka alfajiri, tukafuata njia, tukahema, tukafika, tukarudi. Mlima mkubwa haujifichi. Unauona tangu barabarani, una njia yake, una kibao chake, na watu unaokutana nao wote wanajua umefuata nini. Kilima kidogo ndicho kinachomvua mtu nguo hadharani.

Chukua Delaware. Kilele cha jimbo hilo kinaitwa Ebright Azimuth, mita 137 hivi, na kipo kando ya barabara ya mtaani, karibu na nyumba za watu. Kuna kibao cha buluu na magari yanapita. Hakuna cha kupanda. Tukaegesha. Shemeji, ambaye alisoma mahali kuwa ardhi ya jirani huenda inaizidi ile ya kwenye kibao kwa kiasi kidogo, akaamua tusiache jambo lolote kwa bahati. Basi fikiria wanaume wawili weusi, mmoja mrefu mmoja mnene, wanatembea polepole kwenye mtaa wa watu siku ya Jumapili, wanatazama chini, wanasimama, wanarudi nyuma hatua tatu, wanabishana kwa Kiswahili kama hapa ni juu kuliko pale. Mapazia yakaanza kucheza. Mimi nilishakuwa naandaa kichwani maneno ya kumwambia polisi, na kila sentensi niliyoitunga ilizidi kututia hatiani: "Afande, tulikuwa tunapanda mlima."

Akatoka bibi mmoja na kijibwa chake. Nikamsalimia kwa adabu zote nilizofundishwa kwetu Lushoto. Akatutazama viatu, akaniambia, "Kibao kiko kule, wanangu. Hata wiki iliyopita walikuja wengine." Akamshika kijibwa, akatupiga picha sisi wawili, akatuuliza kama tungependa maji. Kwa ukarimu huo, Delaware naiweka juu kuliko Colorado.

Connecticut ni ugonjwa wa aina nyingine. Kuna mlima unaitwa Frissell, na kilele chake hakiko Connecticut, kiko Massachusetts. Lakini ubavu wake wa kusini unaingia Connecticut, na pale mpaka unapoukata ubavu, kwenye mita 725, ndipo jimbo linapofikia kimo chake cha mwisho. Kwa maneno mengine unapanda mpaka kileleni, unapumua, unakula chapati, halafu unateremka ili ufike juu. Nilimwomba shemeji anieleze tena. Akanieleza kwa kuchora kwenye vumbi. Tukateremka, tukakikuta chuma kimesimikwa ardhini katikati ya vichaka, na yeye akakishika kwa mikono miwili na kufumba macho. Jirani yake, Bear Mountain, una mnara wa mawe wenye maandishi yanayodai kuwa hapo ndipo juu kabisa Connecticut. Si kweli, wapimaji walishathibitisha, ila jiwe likishachongwa nani atalifuta?

Illinois nitaipita haraka kwa kuwa inaniudhi. Kilele chake, Charles Mound, ni uwanja wa nyumba ya mtu, na wenyewe wanafungua kwa wageni wikiendi chache tu za kiangazi. Mita 376. Mtu aliyesimama juu ya paa la Willis Tower pale Chicago yuko juu zaidi kuliko mtu aliyesimama kwenye kilele cha jimbo. Nilipendekeza tupande lifti tumalizane. Nikaambiwa sina roho ya michezo.

Sasa twende magharibi, kwenye tambarare, kwani huko ndiko tulikoumbuka kweli. Kansas nzima imeinama: inaanza chini mashariki, inapanda taratibu mamia ya kilomita kuelekea Milima ya Rocky, na usipokuwa na kipimo huwezi kujua kuwa unapanda. Hivyo kilele chake, Mount Sunflower, mita 1,231, kipo karibu kabisa na mpaka wa Colorado, yaani pale jimbo linapoishiwa na ardhi. Mji wa Lushoto, na soko lake la pilipili hoho na mapeasi, uko juu kuliko hapo. Mtandao ulikata tukiwa katikati ya mashamba, barabara ya vumbi imenyooka mbele na nyuma, pande zote ngano. Ramani ya simu ikaganda ikituonyesha tuko saa moja iliyopita. Tukamwona mkulima kwenye trekta. Shemeji akashuka, akapiga hatua hadi ukingoni mwa shamba, akauliza kwa sauti ya juu mlima uko wapi.

Yule mzee alizima injini. Akageuka akatazama upeo wa macho pande zote nne, kwa makini, kama mtu anayetaka kuhakikisha asimdanganye mgeni. Kisha akanyoosha kidole nyuma yetu. Tulikuwa tumeshaupita.

Pale juu kuna uzio mdogo, ua kubwa la alizeti lililoundwa kwa misumari ya reli, daftari la kutia sahihi, na kibao kinachosema kuwa mahali hapa, mwaka 1897, hapakutokea jambo lolote. Nimesoma vibao vingi vya kumbukumbu katika nchi hii na hicho ndicho pekee ninachokiamini moja kwa moja.

Kutoka hapo tukakata kaskazini kwenda Panorama Point ya Nebraska, mita 1,653, ambayo nayo ni uwanda mtupu ndani ya ranchi ya watu. Unalipa kiingilio kidogo, unafungua geti, unalifunga nyuma yako, unaendesha kwenye njia ya magurudumu mawili katikati ya nyasi. Tofauti na Kansas ni kwamba ranchi hii inafuga nyati wa kule, wale wenye nundu na ndevu, ambao dume lao laweza kufika kilo 900. Unaonywa mapema: wakiwa karibu, baki garini. Onyo jepesi. Kasoro yake ni kwamba shemeji alikuwa amekunywa chupa nzima ya chai ya tangawizi tangu Kansas, akisema tangawizi inasaidia mtu wa milimani.

Nyati watano walikuwa wamejilaza njiani, mita chache kutoka kwenye jiwe la kilele. Tukasimama. Nikazima gari. Mmoja akanyanyuka, akaja taratibu upande wa shemeji, akasimama. Kichwa chake kilijaza dirisha lote. Tuliona kope, tuliona mbigili zilizonasa kwenye ndevu, tuliona ute wa pua ukiacha ramani kwenye kioo.

"Shem," akaninong'oneza, "nina haja ndogo."

"Ngoja."

"Nimengoja tangu Kansas."

Akakunja miguu. Akaanza kuhesabu kwa Kichaga. Akafungua chupa ya chai, akaichungulia ndani, nami nikamkumbusha kuwa chupa ile ni ya dada yake, zawadi ya harusi, na kwamba yapo makosa ambayo ukoo hausamehe. Akaifunga. Nyati akaona kioo cha pembeni cha gari kimekaa kimo kizuri kabisa cha kujikunia shingo. Akajikuna. Gari zima likatikisika huku na huku, na kwa kila mtikisiko shemeji alitoa mguno ambao sijausikia kwa mtu mzima. Kioo kikakwanyuka, kikaning'inia kwenye waya. Mnyama akakinusa, akaondoka, na wenzake wakamfuata bila haraka yoyote.

Sitaeleza kilichofuata. Niseme tu kwamba katika wote waliowahi kufika Panorama Point, sidhani kama yupo aliyetoka garini kwa kasi ile, na kileleni alifika wa pili. Wa kwanza nilikuwa mimi.

Gari lilikuwa la kukodi. Kijana wa kaunta alikuwa na fomu yenye viboksi: gari jingine, mti, mvua ya mawe, mnyama. Nikamwambia mnyama. Akaandika swala. Nikamwambia si swala. Akauliza, ng'ombe? Nikamwambia nyati, alikuwa anajikuna. Akaweka kalamu chini akamwita mkubwa wake, na mkubwa wake akaja na wa tatu, wakataka nirudie tangu mwanzo. Kioo tulikilipa. Simulizi waliichukua bure.

Ule wa New Hampshire, Mount Washington, nautaja kwa sababu ya mama yangu. Una mita 1,917 tu, lakini tarehe 12 Aprili 1934 upepo wake ulipimwa kilomita 372 kwa saa, na watu wamekufa kwa baridi huko hata nje ya majira ya theluji. Kuna barabara ya gari, kilomita 12 hadi juu, na wanakupa stika ya kubandika nyuma kuutangazia ulimwengu kuwa gari lako limeupanda. Kuteremka unaambiwa utumie gia nzito usikalie breki. Shemeji ndiye aliyeshika usukani, na alizikalia breki tangu mawinguni mpaka zikaanza kunuka kama nywele zilizoungua. Lakini hilo lilikuwa baadaye. Tukiwa bado juu, tumeshikilia kuta ili tusipeperuke, simu ikaita kutoka Lushoto.

"Mko wapi? Mbona kelele?"

"Shikamoo mama. Tuko juu ya mlima."

"Marahaba. Mmefuata nini?"

"Hatukufuata kitu, mama. Tumepanda tu."

Akanyamaza kidogo. "Kuni hakuna?"

"Hakuna."

"Basi teremkeni, mtapata nimonia."

Sasa imebaki ile mikubwa ya magharibi, Granite Peak, Gannett Peak, Rainier wenye barafu, na mwisho Denali. Shemeji ameshanunua kamba. Msimamo wangu nimemweleza mbele ya dada yake: akaupande kwanza Kilimanjaro, ulio nyuma ya nyumba yao, ndipo anishawishi habari za Alaska. Kwa hiyo kiti cha mbele kiko wazi. Anayekitaka awe na leseni safi na ajue kufungua geti la ng'ombe na kulifunga. Petroli mnachangiana na shemeji nusu kwa nusu, na risiti atakuandikia, yeye ni Mchaga. Chapati zipo. Chai uje nayo mwenyewe, na usinywe kabla ya Nebraska.