Barua ya Wazi kwa Bwana Usijibu

Kwa Bwana Usijibu,
Idara ya Huduma kwa Wateja,
Makampuni Makubwa ya Programu,
Redmond, San Jose, Mountain View na kokote wingu lilikotanda.

YAH: KUOMBA KUACHIWA KOMPYUTA ZETU

Mheshimiwa,

Husika na kichwa cha habari hapo juu. Mimi ni fundi wa kompyuta na mwandishi wa programu ndogondogo, mkazi wa Kagugu, sekta ya Kinyinya, wilaya ya Gasabo, Jiji la Kigali. Hunifahamu, ingawa huniandikia karibu kila asubuhi. Umenitakia heri ya siku ya kuzaliwa. Umenishukuru kwa kuwa mwanafamilia. Umenijulisha kwamba masharti yamebadilika na kwamba nikiwasha tu mashine nitahesabiwa nimekubali. Chini ya kila barua umeandika kuwa anwani hiyo haisomwi na mtu. Kwetu, anayeongea siku nzima bila kusikiliza huwa ama mlevi ama mkubwa. Nimeamua kukuhesabu mkubwa, ndiyo maana nakuandikia kwa heshima zote, tena hadharani, ili angalau majirani wasome.

Kwanza ujue unaongea na watu wa kilima gani. Kinyinya si washamba wa mawasiliano. Kuanzia mwaka 1965 ilisimama hapa mitambo ya Deutsche Welle, redio ya Ujerumani, ikirusha matangazo ya masafa mafupi kwenda sehemu kubwa ya Afrika, ya Kiswahili yakiwemo. Mzee aliyenunua redio ya betri mwaka 1970 aliweza kuisikiliza stesheni hiyo kwa redio ileile mpaka mitambo ilipozimwa Machi 2015. Kwa miaka yote hiyo hakuna asubuhi aliyoamka akaambiwa redio yake haikidhi vigezo. Hakutakiwa kufungua akaunti wala kutaja jina la mbwa wake wa kwanza ili asikie taarifa ya habari. Na Wajerumani walipochoka, walizima mitambo yao wakaondoka. Hawakuingia sebuleni kwa mzee kuizima redio. Redio ilibaki mali yake, akitaka stesheni nyingine anazungusha kitufe. Leo kilima kile kimepangiwa mradi wa Green City Kigali, na sijasikia mtu akiidai Deutsche Welle fidia ya redio iliyouawa.

Mabosi wako, Bwana Usijibu, wanayaendesha mambo kwa mtindo mwingine. Wanauza kitu, kisha wanabaki nacho.

Nianze na tarehe 14 Oktoba 2025. Siku hiyo Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10. Mfumo huo ulitoka Julai 2015, na miezi michache kabla yake mfanyakazi mmoja wa kampuni alipanda jukwaani akasema hilo ndilo litakuwa toleo la mwisho la Windows. Sisi mafundi tulipokea kauli hiyo kama neno la mchungaji. Mwaka 2021 likaja la 11, likiwa na masharti mengi kuliko mjomba wa bibi harusi: lazima iwepo chipu ya usalama ya TPM 2.0, na prosesa ya Intel isiwe chini ya kizazi cha nane, yaani zile zilizoanza kutoka mwaka 2017.

Sasa njoo mezani kwangu. Kompyuta nyingi zinazopita mikononi mwa mafundi wa Kigali ni mitumba: laptopu za ofisi, ngumu kama jiwe, zilizofanya kazi miaka mitatu minne kwa mhasibu wa Ulaya au Dubai kisha zikaja kuanza maisha huku. Hii iliyo mbele yangu ina prosesa ya kizazi cha sita na RAM ya GB 8, na SSD niliiweka kwa mkono wangu. Inachapa mitihani ya shule, inafungua Irembo, tovuti ya huduma za serikali, mtu akaombe vyeti, jioni inaonyesha mpira. Nimeifungua, nimepuliza vumbi la feni, nimepaka pesti mpya juu ya prosesa. Hakuna skrubu iliyolegea. Mgonjwa ni mzima kabisa. Aliyekwisha ni daktari.

Usinielewe vibaya. Najua mashine isiyopata masasisho ya usalama ni mlango usio na komeo. Mimi ndiye huitwa usiku wezi wakishaingia. Na chipu ile si ya bure, ina kazi yake. Ninachouliza ni kwa nini mtu mwenye laptopu yake, aliyoilipia, asiruhusiwe kuamua hatari ipi aibebe na ipi aikatae.

Huruma nayo ilionyeshwa, tusiwe wachoyo wa fadhila. Mwenye kompyuta ya nyumbani aliambiwa alipe dola 30, ambazo ni zaidi ya faranga 40,000 za Rwanda, apate masasisho ya usalama kwa mwaka mmoja zaidi. Au apate bure akiingia kwa akaunti ya kampuni na kuweka mipangilio ya mashine yake kwenye wingu lao. Kisha Septemba 2025, baada ya watetezi wa watumiaji wa Ulaya kupiga kelele, Wazungu wa eneo la uchumi la Ulaya wakapunguziwa: hakuna dola, hakuna wingu, akaunti tu. Kumbe virusi vya kompyuta havina pasipoti, chanjo ndiyo yenye viza.

Na mashine zilizokataliwa zinakwenda wapi? Bugesera kuna kiwanda cha Enviroserve kinachochakata taka za kielektroniki, na nashukuru kipo. Nchi hii ilipiga marufuku mifuko ya plastiki mwaka 2008. Mpaka leo mgeni akishuka uwanja wa ndege wa Kanombe na mfuko wa nailoni, anauacha hapohapo. Mfuko wa gramu tano unazuiwa mlangoni. Tarehe inayogeuza laptopu ya kilo mbili kuwa takataka inapita kwenye waya chini ya bahari, haina wa kuikagua.

Niruhusu sasa nikuletee kesi ya jirani. Kampuni siitaji, maana mabosi wako wana mawakili wengi kuliko wakazi wa mudugudu wetu, yaani kijiji chetu. Kuna mama mwenye studio ya picha hapa Kagugu. Anapiga picha za gusaba (sherehe za kuposa), harusi, ubatizo, na albamu anazipanga kwa programu anayoilipia kila mwezi. Ijumaa moja, albamu ya harusi ikisubiriwa, programu ikafungua dirisha jekundu: malipo yameshindikana. Kazi zake zote zilikuwa mle ndani, anaziona kama samaki kwenye kioo, hawezi kuzigusa.

"Fundi, si mwaka wa tatu huu nalipa?"

"Unalipa, mama."

"Sasa nilichonunua ni kipi?"

Nilikohoa. Tukaingia kwenye ukurasa wa malipo. Kadi ina pesa, benki imethibitisha kwa simu. Fomu inataka msimbo wa posta. Bwana Usijibu, barabara zetu zina namba, KG hii na KG ile, na nyumba zina vibao. Jiji limejipanga kuliko majiji mengi unayoyafahamu. Lakini msimbo wa posta hatuna, na fomu haitaki kuelewa. Fundi yeyote wa hapa anajua dawa: andika 00000. Safari hii sifuri zikakataliwa. Tukamwita msaidizi wa kampuni, roboti lenye jina la binti, likatuambia limefurahi sana kutuhudumia, likatupa kiungo cha makala, na makala ikatushauri tuwasiliane na msaidizi. Mama yule ana MoMo, pesa za simu. Muuza mandazi aliye mlangoni pake anapokea malipo kwa simu ya vitufe ndani ya dakika moja, bila kumuuliza mtu jimbo analoishi. Kampuni yenye maelfu ya wahandisi imeshindwa.

Mtindo huu wa kukodisha badala ya kuuza una historia. Mwaka 2013 Adobe ilitangaza kwamba matoleo mapya ya programu zake za usanifu yatapatikana kwa kukodi tu, na wengine wakaona kumbe inawezekana. Juni 2024 serikali ya Marekani yenyewe iliipeleka Adobe mahakamani, ikidai inaficha faini anayotozwa mteja akijitoa kabla ya mwaka kwisha. Kama Mmarekani anayeishi huko huko anahitaji serikali yake ili aweze kujitoa, wa Kinyinya afanyeje?

Halafu kuna huyu mgeni wenu mpya. Waswahili husema mgeni njoo mwenyeji apone. Huyu amekuja, mwenyeji anatafuta kadi ya bima. Akili mnemba imeketi kila kona: kwenye barua pepe, hata kwenye daftari la maandishi (Notepad) ambalo kwa miongo mingi halikuwa na kazi nyingine ila kuandika. Januari 2024 Microsoft ilitangaza kitufe kipya kwenye kibodi, maalumu kwa ajili ya Copilot, akili mnemba yake. Mei mwaka huohuo ikatangaza Recall, kipengele cha kupiga picha za skrini yako kila baada ya muda mfupi ili kikukumbushe ulichokuwa unafanya. Watu wa usalama walipiga yowe, kikarudishwa jikoni kwanza. Hapa mtaani mtu wa kuchungulia unachofanya kisha akakikumbuka tunaye tayari, na hatumlipi. Oktoba 2025 mamlaka ya ushindani ya Australia ikaishtaki Microsoft, ikisema wateja wapatao milioni 2.7 walipandishiwa ada kwa kubandikiwa Copilot bila kuelezwa wazi kwamba kulikuwa na kifurushi kilekile cha zamani kwa bei ya zamani. Kampuni iliomba radhi na kuahidi kurudisha pesa. Nimefurahi kwa ajili ya Waaustralia.

Mnasema tuwaamini, mnatusasishia kwa usalama wetu. Tarehe 19 Julai 2024 sasisho moja la CrowdStrike, kampuni ya usalama wa mitandao, liliangusha kompyuta takriban milioni 8.5 duniani kote, ndege zikalala viwanjani. Huku kwetu sasisho lina namna yake ya kuumiza: unamwashia mteja hotspoti ya simu yako ili atume faili moja, mashine inaona intaneti, inavuta gigabaiti mbili kimyakimya, bando linakata, na faili halijatoka. Mteja anakutazama wewe. Fundi ndiye uso wa kampuni zenu zote mtaani, Bwana Usijibu. Nimetukanwa kwa niaba yako kwa miaka mingi na sijawahi kuleta ankara.

Kwa hiyo nakualika. Kila Jumamosi ya mwisho wa mwezi tunafanya umuganda, kazi ya pamoja ya kijamii. Kuanzia saa mbili asubuhi tunatoka na majembe na makwanja, tunazibua mitaro, tunafyeka vichaka. Saa tano tunakaa kikao, na mkuu wa mudugudu anasimama mbele yetu. Anaulizwa kwa nini maji yalikatika siku mbili, na taa ya kona ile itawaka lini. Mara nyingine hana jibu, na kuna mzee mmoja ambaye hulishikilia swali mpaka jua linakuwa kali. Lakini yupo. Buti zake zina tope lilelile la zangu, namba yake ya simu kila mtu anayo, na posho ya kazi hiyo haipati.

Njoo usimame pale. Usiogope, hatupigi watu. Nitakukopesha jembe, na kikaoni utapata mkalimani, ingawa ukijikaza na Kiswahili utaelewana na baadhi yetu. Mama wa studio atauliza swali lake lilelile: alichonunua ni kipi. Mwalimu atauliza kwa nini kompyuta za wanafunzi zimezeeka kwa kalenda na si kwa kazi. Mimi nitauliza kwa nini mashine mpya ikiwashwa mara ya kwanza inagoma kuendelea mpaka ipate intaneti na akaunti, kana kwamba fundi hawezi kuaminiwa na kitu alichokishika mkononi. Ukikosa kufika bila sababu, sheria inaruhusu faini isiyozidi faranga 5,000. Nitakulipia mimi kwa MoMo, kadi yangu si unajua huwa huiamini.

Na kama safari ni ndefu, basi tufanyie haya. Mkiacha kuuhudumia mfumo, fungueni milango yake ili wengine wauhudumie. Mkituuzia, tuuzieni, mkitukodisha, andikeni neno hilo kwa herufi kubwa kuliko bei. Kazi ya mteja isifungiwe ndani kwa sababu ada imechelewa. Na pawe na mtu mmoja, hata kama anashinda Nairobi na analala Johannesburg, anayepokea simu na kutaja jina lake.

Vigezo na masharti vizingatiwe, vyetu safari hii.

Wako asiyebonyeza "Nakubali" kwa moyo,
Fundi wa Kagugu, Kinyinya.

Nakala kwa: Wakuu wa shule, wenye studio na wote wenye laptopu za zamani, sekta ya Kinyinya.

Ndugu zangu, msiziuze kwa kilo. Linux inakaa vizuri kwenye mashine hizo, na LibreOffice inafungua na kuhariri nyaraka zenu za Word na Excel, ingawa mpangilio wa kurasa huweza kuyumba kidogo. Jimbo la Schleswig-Holstein huko Ujerumani liliamua Aprili 2024 kuhamisha kompyuta 30,000 za watumishi wake kwenda LibreOffice na kisha Linux, kwa hiyo hamtakuwa wa kwanza wala peke yenu. Njooni na chaja na flashi ya GB 8. Picha na faili zenu zihamisheni kwanza, kwa sababu diski itafutwa yote.