Wanyika Wamegombana Tena

Nyumba yetu ya Langoni ni ya mamangu, na kwa desturi ya Lamu mume ndiye anayehamia. Wangu alihamia na begi la nguo, redio kaseti, na kaseti mbili alizozipa heshima ya zidaka, pale mabibi zetu walipokuwa wakipanga sahani za Kichina. Simba Wanyika kidaka cha kulia, Les Wanyika cha kushoto. Nikifagia nikaziweka pamoja, jioni nazikuta zimetenganishwa.

"Hawajapatana hao," huniambia.

Ugomvi wenyewe nimesimuliwa tangu fungate. Wilson na George Kinyonga, ndugu wawili wa Tanga, wakaanzisha bendi ya Simba Wanyika Mombasa 1971, kisha wakapanda Nairobi. 1978 Omar Shabani, fundi wa gitaa la rithimu, akatoka na wenzake, wakaungana na John Ngereza, ikawa Les Wanyika. Hao ndio waliotoa "Sina Makosa", na mume wangu anashikilia kuwa jina lile ni salamu kwa kina Kinyonga. Wimbo hauhusu hayo hata kidogo, lakini nani atamwambia?

Kila Ijumaa, pilau ikishashuka tumboni, huanza: laiti wangerudiana usiku mmoja tu, ndugu wale wawili mbele, Shabani nyuma yao. Siku moja nikachoka. Nikamhesabia: George alikufa 1992, Wilson 1995, Shabani 1998, Ngereza 2000.

Akanyamaza kidogo. "Basi hawana tena sababu ya kugombana."

Ningejua anachokiwaza, ningeuficha wembe.

Mama alikwenda Matondoni kuhani msiba, mimi niko jikoni na nazi. Yeye kakaa kiwandani, ua wa ndani, na wembe, selotepu na bisibisi ya cherehani yangu. Nia yake ilikuwa kuunga mikanda miwili iwe mmoja: wimbo wa Simba, wimbo wa Les, wimbo wa Simba, wakae kaseti moja kama watu wa nyumba moja. Mkanda wa kaseti haufiki milimita nne kwa upana, na wake ulikuwa umeota ukungu kwa unyevu wa bahari, lakini subira anayo. Asichokuwa nacho ni ganda. Kaseti zake zote mbili ni zile za kugandishwa kiwandani, huzifungui ila uzivunje. Yenye skrubu tano ilikuwa moja tu nyumbani, juu ya kabati la mama, karatasi yake imebanduka zamani. Akaifungua, akautoa mkanda uliokuwamo, akauacha sakafuni.

Paka akauona. Paka wa Lamu hana kazi nyingi. Akauburuta ukatoka mlangoni hadi dakani, na huko usitani akapita punda wa mchanga akauzoa kwa mguu wa nyuma.

Magharibi mama akaingia anacheka. "Kuna punda huko anakwenda pwani kavaa kaseti! Na paka wetu nyuma yake!"

Wakati huohuo mume wangu akabonyeza. Tukasikia magitaa, Wilson akaimba nusu ya ubeti, selotepu ikafika kwenye kichwa cha redio, na redio ikautafuna mkanda kwa sauti ya mtu anayekula bisi.

"Mwambie mumeo wamegombana tena," akasema mama. Mkwe haambiwi moja kwa moja, hata akiwa amekaa hatua tatu kutoka hapo.

Kisha akaliona ganda, na zile skrubu tano kwenye kisahani. Akakaa kwenye ngazi bila kuvua buibui.

Zilikuwa nyimbo za vugo za harusi yetu, mimi na huyuhuyu mwenye wembe. Anayeongoza ni mamangu mdogo, na mamangu mdogo tumemzika miaka tisa sasa.

"Mwambie mumeo dada yangu alikuwa humo."

Sikumwambia kitu. Alikwishatoka na kurunzi, na hakurudi hadi baada ya isha, mkanda umo ndani ya kofia yake, una mchanga na samadi. Masiku matatu alikuwa akiupangusa kwa pamba na kuuzungusha kwa kalamu ya Bic. Zimepatikana dakika saba. Zinasikika pembe, vigelegele, na mamangu mdogo akimfukuza mtoto asikanyage mkeka. Wimbo wenyewe hauanzi.

Mama huzitaka dakika hizo Ijumaa, baada ya pilau. Wanyika wote wako kidaka kimoja sasa, ndani ya mfuko wa plastiki.

Nawe msomaji, ikiwa ulikuwapo Langoni usiku ule wa harusi yetu na redio yako ilikuwa ikirekodi, tuazime kaseti yako. Nitaichukua mimi mwenyewe, na yeye hatoigusa.