Mwezi Ukiandama, Njoo Jumatano

Sina ugomvi na sikukuu. Pilau nakula, soda nakunywa, hotuba za uwanjani nazisikiliza redioni. Ugomvi wangu ni na siku zinazoizunguka hiyo sikukuu.

Mirathi ya shamba la marehemu baba iko mahakama ya mwanzo. Mwishoni mwa mfungo, Machi 2025, nilifuata nakala ya uamuzi. Karani akaitazama kalenda ya ukutani, akasema bila hata kutabasamu: "Mzee wangu, njoo Jumatatu. Ila mwezi ukiandama Jumapili, basi njoo Jumatano." Shamba la ekari mbili, mipaka yake imepandwa minazi, sasa linangoja mwezi! Na mwezi ukaandama kweli. Jumatano nafika, karani mwenyewe hajarudi kutoka kwao alikokwenda kula Idd.

Jumatatu iliyofuata, Karume Dei. Mara Ijumaa Kuu, tarehe 18. Mara Jumatatu ya Pasaka. Na kabla ya Ijumaa Kuu kuna Alhamisi ya maandalizi, ambayo haimo kwenye sheria yoyote lakini inaheshimiwa kuliko zote. Ikifika saa nane mchana ofisi nzima imeshahamia stendi, kabaki mlinzi, na yeye ndiye anayekupangia tarehe.

Sheria, tuseme ukweli, ina huruma. Siku yako ya mwisho ya kukata rufaa ikiangukia sikukuu, unawasilisha siku ya kazi inayofuata, na hakuna wa kukufukuza. Natamani mwenye nyumba wangu aisome. Na hawa wa mikopo ya simu pia: Ijumaa Kuu alfajiri, jogoo hajawika, ujumbe wa deni umeshaingia.

Shemeji yangu, mtumishi wa umma, ana kilio chake. Mwaka ule Muungano uliangukia Jumamosi, akanuna kama kaibiwa. Wakenya, akasema, sikukuu yao ikiwa Jumapili inasogezwa Jumatatu. Sisi ikiangukia wikiendi ndiyo imekwenda na maji. Nikamwambia hata huko Jumamosi haisogezwi. Hakufarijika. Akachukua simu, akapekua kalenda, uso ukamchangamka.

"Si mbaya, shemeji. Mei Mosi ni Alhamisi."

"Basi nakala yangu nitaifuata Ijumaa."

"Ijumaa ipi?"