Wati 12,000 za Jirani

Jirani yangu kanunua sabufa. Nililijua hilo kabla hajaniambia, maana vyombo vyangu kabatini vilipata taarifa mapema. Jioni akaniita nikaione, akaninyanyulia na boksi: "Kaka, wati 12,000 hizo. PMPO!" Alivyoitamka hiyo PMPO, ungedhani anataja shahada ya mwanawe.

Na sabufa sina ugomvi. Ugomvi wangu ni na hizo herufi nne. Soketi ya ukutani ya ampea 13, kwa umeme wetu wa volti 230, haifikishi hata wati 3,000. Hizo 9,000 zilizobaki sabufa inazikopa Vikoba? Kama kweli ingekula wati 12,000, LUKU ingemeza uniti 12 kwa saa moja, na jirani ninayemfahamu mimi angekuwa gizani kabla wimbo wa tatu haujafika kiitikio. Nikazunguka nyuma ya mtambo. Kibandiko kinasema inavuta wati 60. Sasa mnyama aliyekula 60 atatoaje 12,000?

Wati za kuaminika ni zile za RMS, ambazo amplifaya inaweza kuzitoa mfululizo bila sauti kukwaruza. PMPO ni kilele cha kufumba na kufumbua, tena hakina kanuni moja ya kukipimia. Kila kiwanda na hesabu zake. Na masikio nayo hayana haraka ya kushangaa: ukizidisha wati mara mbili unaambulia desibeli 3 tu. Ili sauti isikike kama imekuwa kubwa mara mbili, andaa wati mara kumi hivi.

Kwenye kumbi za harusi ndiko kuna balaa. Kamati inauliza bei, fundi mitambo anajibu kwa omu. "Mzee, spika hizi ni za omu 8. Nikizifunga mbili sambamba zinashuka hadi 4, amplifaya inasukuma mkondo mkubwa zaidi." Fizikia yake haina kasoro. Ninachotaka kujua ni kwa nini omu zikishuka bei inapanda.

Siku hizi wenye uwezo wanaleta mitambo ya mtandao. Dante, ya kampuni ya Audinate ya Australia, inapitisha sauti za maiki chungu nzima katika waya mmoja wa kompyuta, hadi mita 100 kama ni wa shaba. Fundi akaniapia kwamba sauti inachelewa milisekunde 1 tu, muda ambao hewani ingetembea sentimita 34 hivi. Hongera zake. Ila kadi iliandikwa saa 12 jioni na maharusi wameingia saa 4 usiku, milisekunde tulizookoa ni za kazi gani? Halafu MC, maiki mkononi, anakwenda kusimama mbele ya spika. Sauti ya spika inaingia kwenye maiki, inarudi kwenye amplifaya, inatoka imenenepa, inaingia tena, na ukumbi mzima unapigwa mluzi wa kutoboa ngoma za masikio. Tiba ya hapo haina mtandao: MC arudi nyuma ya spika.

Wewe unayekwenda Kariakoo kesho, achana na boksi. Geuza sabufa, soma wati inazovuta, kisha uliza RMS ni ngapi. Muuzaji akikujibu kwa PMPO, nenda duka la pili.