Sifa za Kibali cha Ujenzi

Mvua imesifiwa, nazi imesifiwa, hata punda amepata wa kumtungia. Kibali cha kuongeza jiko na stoo nyuma ya nyumba, hapa Dar es Salaam, bado kinangoja. Nimejitolea mimi, kwa kuwa mchora ramani alinitajia bei inayozidi ya jiko lenyewe, nikaamua kuziandaa karatasi kwa mkono wangu.

Sifa yake kuu ni kumfumbua mtu macho. Nilidhani naijua nyumba yangu, karatasi zikanisuta. Zinataka sura zake zote nne kwa skeli ya 1:100: mbele, nyuma, kulia na kushoto. Sasa huo ubavu wa kushoto, tangu fundi alipoupiga lipu, hakuna binadamu aliyeuona. Kati yake na ukuta wa jirani anapita paka tu, tena paka mwenye njaa. Fundi mwenyewe alikuwa mwembamba, na sina hakika kama alitoka. Nikauchora hivyo hivyo. Nikautia dirisha ambalo huenda lipo, nikalipaka kivuli, likapendeza hata mama watoto akauliza hiyo nyumba ni ya nani. Zikataka nyumba ikatwe katikati, toka A hadi A, ili msingi, linta na kenchi vionekane. Nikaikata huku watoto wamelala ndani. Zikataka mshale wa kaskazini. Babu yangu alijenga, akaoa, akazikwa bila kuulizwa kaskazini ya choo chake iko wapi. Mimi naijua, na usiku naenda msalani kwa uhakika wa nahodha.

Kibali pia hukuza ujirani (mjumbe, mwenyekiti wa mtaa na mtendaji wa kata sasa wananiita kwa jina), huwalisha wenye mashine za fotokopi, na hupunguza kitambi.

Tena hufundisha unyenyekevu. Kwenye dirisha la ofisi ya vibali, kijana aliniambia nithibitishe kwamba nyumba ninayotaka kuiongeza ipo. Nikasema kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU tangu 2021. Serikali huikumbuka nyumba hii bila kuombwa, kila ninaponunua umeme. Kijana akatabasamu. "Mzee wangu, hiyo ni mifumo tofauti."

Tofauti! Mfumo wa kuchukua unaiona nyumba hata gizani. Mfumo wa kutoa unataka hati, risiti ya kodi ya pango la ardhi, na seti nyingine ya ramani, maana ile ya kwanza "inatafutwa". Inatafutwa na nani? Nilimkabidhi yeye mkononi, akaiwekea juu kikombe chake cha chai!

Wakati yangu inatafutwa, mtaa wa pili kuna jengo limeshamwaga zege la ghorofa ya tatu. Halina bango la kibali, halina uzio, na kokoto zake zimeziba mtaro. Ukuta wake ni msafi, hauna hata doa. Ile X nyekundu ya kubomolewa imepigwa mbele yake, kwenye kibanda cha mama anayekaanga mihogo, eti ameingia hifadhi ya barabara.

Juzi faili langu limepatikana, Mungu mkubwa. Limebaki saini ya mhandisi tu. Na mhandisi?

"Yuko saiti, mzee."

Nikarudi kwa njia ya mtaa wa pili. Gari la ofisi lilikuwa limeegeshwa juu ya kokoto. Mhandisi amekaa kwenye kibanda chenye X, kofia ngumu kaiweka magotini, anaomba aongezewe pilipili.